Tunakodi kempavani kwa mara ya kwanza, tuangalie nini kabla ya kutoka nayo yadi?

njia_panda
Habari zenu wakuu. Mimi na mwenzangu tumezoea kusafiri na mabegi ya mgongoni, mabasi, hosteli, lifti za hapa na pale, sasa safari hii tumeamua kukodi kempavani, ile vani ndogo yenye kitanda, jiko la gesi na friji humohumo ndani. Mpango wetu ni kuendesha mpaka tukute njia nzuri ya mlima, tunapaki, tunaingia na mabegi na hema siku mbili tatu, tukishuka tunaendelea na barabara. Leseni tunazo wote ila hakuna aliyewahi kuendesha gari la kulala. Naomba kujua siku ya kukabidhiwa gari tuangalie nini hasa, na hii bima ya ziada wanayotubembeleza tuchukue ina maana au ndo kukamuliwa tu? Mkataba nimeusoma mpaka macho yanauma.

Fundi_Mstaafu
Karibu mkuu. Kwanza siku hiyo msipange kwenda mbali, makaratasi tu yanakula nusu ya siku. Kabla ya kusaini washa kamera ya simu, zunguka gari lote taratibu, vioo, rimu, kona za bampa, afu chuchumaa uchukue na uvunguni, na paa kama kuna pa kupanda, video iishie kwenye dashibodi ionekane kilometa na geji ya mafuta. Kila mkwaruzo uandikwe kwenye fomu. Akikwambia "haka kadogo hatukahesabu" mwambie sawa, ila kaandike hivohivo.
Afu huyo anayekukabidhi awashe kila kitu mbele yako, jiko, friji, pampu ya maji, hita, taa. Sio akuelezee, awashe. Kitanda mkitandike wenyewe palepale maana kuna vingine ni vipande vya mbao na magodoro ya kuunganisha, usiku kwenye mvua hutaki kuanza kujifunza. Ulizia na spea tairi, gari nyingi siku hizi hazina, unapewa kopo la dawa ya kuziba pancha na kipampu basi.

mtu_wa_gia
Bima chukua kubwa kuliko zote lala usingizi, mnaumiza vichwa vya nini

dada_ramani
@mtu_wa_gia hapana kaka, hiyo kubwa nayo ina matundu. Bima ya kawaida ajali ikitokea kuna kiasi unalipa mwenyewe kwanza ndo wao waanze kulipa, na hiyo ya ziada kazi yake ni kukishusha hicho kiasi au kukifuta. Sasa kwenye mkataba nenda moja kwa moja pale walipoandika visivyolipiwa, mara nyingi utakuta paa, uvungu, tairi na kioo cha mbele viko nje, kuweka petroli kwenye dizeli ni juu yako, na ukiingia barabara ya vumbi waliyoikataza bima yote inakufa hata kama kosa sio lako. Nyie mnaenda kwenye milima na njia za kufikia huko mara nyingi hazina lami, kwa hiyo hilo ndo la kuuliza kabla ya bei, na wakijibu omba wakuandikie kwenye barua pepe.
Dipoziti pia, wengi wanataka kredit kadi yenye jina la dereva mkuu, hela haikatwi ila inashikiliwa mpaka gari lirudi, kwa hiyo msiitegemee kadi hiyo kwa matumizi. Na mwenzako aandikwe dereva wa pili, asipoandikwa akashika usukani mara moja tu akagonga mmekwisha. Kama ni nchi nyingine, kile kibali cha kimataifa cha kuendesha hakisimami peke yake, kinaenda pamoja na leseni yako ya nyumbani.

Fundi_Mstaafu
Hapo kwenye paa dada kagusa penyewe. Vani zenye paa la juu zinakaribia mita 3 au kuzidi, maegesho mengi ya chini ya majengo yanaishia mita 2 na kitu. Ulizia urefu kamili wa gari kwenda juu, uandike kwenye karatasi ubandike mbele ya dereva. Na kwenye rivasi mmoja ashuke, kila mara, hata kama mmechoka na mmenuniana.

njia_panda
Asanteni sana, nimeshawaandikia kuhusu barabara za vumbi. Lingine, tukiwa mlimani friji tuiache inawaka? Na mizigo ndani ipangwe vipi, tuna mabegi mawili makubwa na hema.

betri_ya_pili
Friji izimeni. Gari hizi zina betri mbili, ya kuwashia injini na ya huko nyuma kwa ajili ya taa, friji na kuchaji simu, hiyo ya nyuma inajazwa injini ikiwa inazunguka au kwa sola kama ipo juu. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 yenye 100Ah (Ah ni kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri) ukitaka idumu unatumia nusu yake, ni kama kuwasha kitu cha wati 600 kwa saa moja tu hivi, friji ikiachwa siku mbili bila kuchajiwa mnarudi mnakuta giza. Kwa hiyo siku moja kabla maliza vya kuharibika, zima, futa, acha mlango wake wazi kidogo usije ukakuta ukungu. Na birika la umeme au drayer ya nywele msahau, labda mkiwa kambi yenye soketi.
Gesi fungeni kwenye mtungi wenyewe, mkiondoka kwa miguu na mkiwa mnaendesha pia. Kwenye mizigo angalia hapa: kwenye sakafu au kabati la mtungi kuna vitundu vimetobolewa kwenda nje, vile ni vya gesi kutokea ikivuja maana ni nzito kuliko hewa inashuka chini. Begi lisikae juu yake. Na baridi ikibana msiwashe jiko kupasha gari, linatoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu, unalala hauamki.
Vizito viwe chini katikati ya magurudumu, makabati ya juu weka nguo. Maji lita moja ni kilo moja, tangi la lita 80 sio mzigo mdogo, mkipanda milima jazeni mnachohitaji tu.

dada_ramani
Na pale mnapoliacha hakikisheni gari linaruhusiwa kulala hapo, vituo vingi vya mwanzo wa njia ni vya mchana tu. Pasipoti mbebe, bima ya gari kwa kawaida hailipi vitu vyenu vya ndani vikiibiwa. Funguo ziko mbili au moja?

njia_panda
Moja. Naenda kuulizia ya pili sasa hivi.