Tusker Project Fame likirudi, mshindi apatikane kwa meseji au kwa majaji?

Fundi Redio, Mwanza
Wadau, kila mwaka naona watu wanaomba Tusker Project Fame irudi. Na mimi naomba hivyo hivyo. Sijaona shindano lingine la kuimba lililowachukua chipukizi wa Afrika Mashariki, likawaweka nyumba moja Nairobi, wakafundishwa sauti na jukwaa, na sisi tukiwatazama wanavyokomaa wiki hadi wiki. Lakini ile kura ya meseji ife. Inampa ushindi mwenye ndugu wenye salio, mwenye kipaji anabaki kupiga makofi. Misimu sita, Tanzania hatujachukua hata mmoja! Peter Msechu msimu wa tatu alikuwa mkali kuliko wote, akaishia wa pili. Waachieni majaji. Naomba maoni yenu.

Thika Road
Rekebisha kwanza. Msechu alikuwa msimu wa nne, 2010, na aliyemshinda ni Davis wa Uganda. Msimu wa tatu ni wa Alpha Rwirangira wa Rwanda. Halafu wacha niseme kitu ambacho watu wanaogopa kusema: nyinyi watu wa Tanzania mlikuwa mnaangushwa na Kiingereza. Wimbo wa Kizungu ukiwaangukia, maneno yanamezwa nusu. Mimi siwezi kumtumia kura mtu ambaye haelewi anachoimba.

Buyenzi, Bujumbura
Ndugu Fundi, hoja yako ya ndugu wenye salio naona haisimami. Angalia washindi kwa mpangilio: Valerie Kimani wa Kenya 2006, Esther Nabaasa wa Uganda 2008, Alpha wa Rwanda 2009, Davis 2010, Ruth Matete wa Kenya 2012, Hope wetu wa Burundi 2013. Kenya walihesabiwa milioni 38.6 mwaka 2009. Nyinyi kwenye sensa ya 2012 mlikuwa karibu milioni 45. Kama kura ingekuwa ya kuhesabiana ndugu, Rwanda na Burundi zingepita wapi? Kuna watu wa Kisumu, wa Mbarara na wa Moshi waliompigia Mrundi. Nataka mtu anijibu hilo.

Mtoto wa Makorora
Thika Road, mimi ni mtu wa Tanga na umenigusa pabaya. Kumeza maneno ndiyo nini? Yale mashindano yalikuwa ya Afrika Mashariki, hayakuwa ya London. Lugha inayomfikia mama wa Bujumbura na muuza samaki wa Mombasa kwa pamoja ni Kiswahili. Msechu alikuwa akisimama na nyimbo moja tu ya Kiswahili, ukumbi mzima unanyamaza. Hao waliojua Kiingereza walinyamazisha nani?

Thika Road
Wimbo mmoja. Si "nyimbo moja". Wimbo mmoja, nyimbo mbili. Mtu wa Tanga anatufundisha Kiswahili na ngeli imemshinda.

Mtoto wa Makorora
Kwetu tunasema nyimbo moja tangu bibi zetu, na tunaelewana. Lugha ni ya wenye kuizungumza.

Mwalimu wa Zamu
Dada, hapo naomba nisikuunge mkono. Nimefundisha sekondari miaka kumi na tisa na kila mtihani nakata alama kwa "nyimbo moja". Ni wimbo, wingi nyimbo, kama uzi na nyuzi. Thika Road yuko sahihi kwenye hilo, ingawa kwenye la Kiingereza amekosa adabu.

Thika Road
Adabu? Mimi nimesema nilichosikia kwa masikio yangu. Na mnasahau hata jaji Ian Mbugua aliwakemea Wakenya wenzake pale jukwaani bila kumumunya maneno. Hakuna aliyesema amekosa adabu. Kukosoa ndiyo kazi yake.

Fundi Redio, Mwanza
Asante kwa kunirekebisha mwaka. Lakini hapo umenisaidia mwenyewe! Mbugua, Juliana Kanyomozi wa Uganda, Hermy B wa kwetu, hao wanajua muziki. Juliana ameimba, Hermy B anatengeneza nyimbo studio. Anasikia kijana yuko nje ya ufunguo kabla sisi hatujakaa kwenye kochi. Halafu uamuzi wa mwisho anapewa mimi na simu yangu? Katikati ya msimu mtu akiwekwa probesheni, yaani yuko hatarini kutolewa, angalau walimu walikuwa na nafasi ya kumwokoa, na wenzake mle ndani nao. Fainali ikawa ni meseji tupu.

Mama Kigamboni
Kuna jambo mnalipita. Lile lilikuwa shindano la bia, Tusker yenyewe ni bia. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa shehe wa mtaa. Tulikuwa tunatazama kwa sauti ya chini, mdogo wangu amekaa mlangoni. Akisikia kobazi za baba barazani, anabadilisha stesheni. Nyumba za aina yetu ni nyingi, Zanzibar, Tanga, Kigoma, Mombasa pia. Na walokole vilevile. Tulimpenda Msechu kufa, lakini kumpigia kura kwenye namba ya bia kwa simu ya baba haikuwezekana. Mkitaka kujua kura za Tanzania zilikwenda wapi, nyingine zilikuwa zimekaa sebuleni kwetu kimya.

Thika Road
Mama, pole. Hilo sikuwahi kulifikiria. Lakini Mombasa pia wako Waislamu na Kenya tulishinda mara mbili.

Mtoto wa Makorora
Mlishinda nyumbani kwenu, nyumba ikiwa Nairobi, jukwaa Nairobi, mashabiki ukumbini ni wa Nairobi. Na bado unatuhesabia Kiingereza.

Thika Road
Uganda ilishinda mara mbili pia, hapo hapo Nairobi. Dada, hasira isikufanye usahau hesabu.

Kwangua Vocha
Mimi nilipiga kura fainali ya 2010. Nilinunua vocha tatu za kukwangua dukani kwa Mpemba, ya tatu nikaikwangua kwa funguo kwa haraka mpaka tarakimu mbili za mwisho zikafutika. Nikawa najaribu kuanzia 00, 01, 02, mama ananiuliza nafanya nini na taa imezimwa. Sijapata namba mpaka matokeo yakatangazwa. Zile vocha mbili zilizoingia, mtandao wangu (siutaji) ulikata hela na sikurudishiwa ujumbe wowote wa kuthibitisha. Sasa ukiniuliza meseji au majaji, mimi naumia hadi leo. Lakini sitaki kunyang'anywa. Ule usiku nilijiona na mimi nina mkono kwenye maisha ya kijana mwenzangu. Majaji wakichagua peke yao, mimi nitazame ili iweje?

Buyenzi, Bujumbura
Narudia mara ya pili. Hakuna aliyenijibu kuhusu Rwanda na Burundi.

Mwalimu wa Zamu
Ndugu wa Buyenzi, uliandika "Mrundi". Naona hapa kwetu wengi wanaandika "Mburundi". Nyinyi wenyewe mnasemaje?

Buyenzi, Bujumbura
Mwalimu, tunasema Mrundi. Swali langu lilikuwa jingine.

Mtoto wa Makorora
Nitakujibu mimi, ndugu yangu. Mwaka 2013 nilimtumia Hope meseji nne. Watanzania walikuwemo mle ndani na nilijua. Nilikuwa nimekaa chini napukuchua mahindi, akaanza kuimba, nikajikuta nimeacha mikono ndani ya ungo. Nikachukua simu. Sikumuuliza anatoka nchi gani.

Fundi Redio, Mwanza
Dada! Kumbe kura zetu wenyewe zilivuka mpaka. Wenzetu wanapigia wa kwao, sisi tunagawa. Halafu tunakaa hapa kulia.

Mtoto wa Makorora
Wewe ndiye uliyefungua mjadala ukisema kura ifuate kipaji. Yangu ilifuata kipaji. Sasa unanigombeza kwa lipi?

Fundi Redio, Mwanza
Nakugombeza kwa sababu ya Msechu.

Mtoto wa Makorora
Msechu nilimpigia 2010. Meseji sita, na hela ilikuwa ya unga.