Nyota moja kwenye Google: nijibu au ninyamaze?

Wenzangu, nina kliniki ya meno Arusha. Mtu nisiyemkumbuka ameipa nyota moja, akidai nilimng'oa jino lisilo bovu. Nifanyeje?

Jibu la 1: Mjibu, daktari, kwa upole, lakini usitaje jino wala siku ya matibabu, kwa kuwa hata kukiri kwamba alikuwa mgonjwa wako ni kutoa siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mwombe apige simu kliniki.

Jibu la 2: Google haifuti maoni kwa sababu tu yanauma, ukiripoti, onyesha kanuni iliyovunjwa. Tena usiwatume ndugu wakuandikie sifa. Mimi niliumbuka: maoni yao yote ya nyota tano yaliingia jioni moja.

Muulizaji: Ahsanteni. Shemeji yangu ameshaandika. Nitamwomba afute leo.