Naomba ushauri: giaboksi ya kufunga kwenye Ford F-100 ya 1969

Wakuu, habari. Pikapu yangu ina injini ya silinda 6, lita 4.9. Giaboksi yake ya gia 3, ile ya mkono wa kwenye usukani, imechoka: nikiachia mafuta, gia ya pili inachomoka yenyewe.

Nimebaki na chaguo mbili. T-18 ya gia 4 ni ngumu kama nini, ila gia ya kwanza (uwiano wa 6.32) ni ya kuvutia magogo tu, na haina ovadraivu (gia ya juu ya kuipunguzia injini mizunguko). T5, giaboksi ya gari la Ford Mustang, ina gia ya tano ya ovadraivu (0.68), injini itapumua safari ndefu, lakini naogopa mzigo utaimaliza. Mizigo nabeba mara mojamoja.

Aliyefunga T5: propela (shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma) uliikata? Mkono wa gia haugongi kiti?