Nataka kona moja ya uwanja isifagiliwe: nipangeje ninayoyaona humo? (Mikindani)

Binti_Kusini (mleta mada)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Tunakaa Mikindani, upande wa juu. Uwanja wetu una mkorosho mzee, mwembe, mipapai kadhaa, na kichuguu kwenye mpaka na jirani. Tangu kusi ya mwaka jana nimekuwa naangalia tu kinachoishi humo. Nilianza na maua ya mkorosho: yanafunguka meupe, halafu kadiri yanavyokaa yanaiva kuwa mekundu, kwa hiyo kwenye kishada kimoja unaona rangi zote mbili. Nikanogewa.

Sasa mvua zimeshika na mambo yamekuwa mengi. Kumbikumbi walitoka jioni moja mpaka kuku wakashiba wakawaacha, asubuhi kibaraza chote mabawa. Majongoo yale makubwa meusi yamejaa. Konokono waliokuwa wamejiziba kwa utando mweupe kiangazi chote wamefungua milango, wanatembea ukutani. Na kichuguu kimeota uyoga.

Shida yangu ya kwanza ni kwamba naandika nyuma ya daftari la mahesabu ya duka, tarehe juu ya tarehe, na nikitaka kujua kitu kilianza lini sikipati. Ya pili ni mama mkwe. Tunaishi naye, alfajiri keshashika ufagio, na kwake uwanja sharti uwe mweupe. Nimemwomba aache kona ya kichuguu tu, anasema nafuga nyoka. Sitaki kugombana naye, na kusema kweli hoja anayo, watoto wapo. Halafu shemeji anautolea macho ule uyoga, anataka tuuchume. Nyie mngefanyaje?

Chapa_Kazi

Dada, uwanja wa Mtwara ukiuacha mvua mbili tu unakuwa pori. Panda mbaazi hapo, utaangalia maua yake na utakula.

Babu_wa_Naliendele

Marahaba mwanangu. Mbaazi apande, lakini hajaulizia mbaazi.

Daftari la siku kwa siku litakuchosha. Kila kiumbe mpe ukurasa wake: majongoo ukurasa wao, kumbikumbi wao, mwembe wake. Humo unaandika siku kilipoonekana mara ya kwanza, kilikuwa kinafanya nini, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Kikipotea, andika pia. Watu wengi husahau hilo la kupotea, na mwaka wa pili ndilo utakalolihitaji zaidi.

Halafu usigawe mwaka kwa vuli na masika. Hiyo ni kalenda ya wenzetu wa Tanga na Dar. Huku kwetu mvua ni moja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, kisha kiangazi kirefu. Gawa kwa upepo: kaskazi, malelezi (upepo unapogeuka), kusi, malelezi tena. Maua ya mkorosho uliyoyaona ni ya wakati wa kusi, na ubwiriunga nao huyajia wakati huohuo. Ule unga mweupe kwenye maua ni kuvu, ndugu yake uyoga wa kichuguuni, basi nao una haki ya ukurasa.

Una majimoto, wale sisimizi wa mitini, kwenye huo mkorosho? Kama wapo, simama chini ya kiota kinachojengwa. Utaona wengine wamevuta majani mawili mpaka yakagusana, wengine wamebeba mabuu mdomoni wanayapeleka huku na huku. Hariri inayotoka kwa mabuu ndiyo inayoshika majani. Usiwachome moto hata wakikuuma, maana wanawinda mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi na kuyaachia mabaka meusi.

Mama_Wawili

Mimi nimeolewa Lindi, mama mkwe wangu ni wa ufagio hivyohivyo. Usimwambie habari ya kutunza viumbe. Mwambie, "Mama, naomba unifundishe majina." Wangu aliponitajia majani matatu ya dawa na mboga mbili zinazojiotea, siku ya pili ufagio ulizipita pembeni wenyewe.

Ila kwenye nyoka yuko sawa, usimbishie. Nyoka anafuata panya na vyura. Kona yako iwe mbali na nyumba, na kati yake na mlango pawe peupe kabisa, pafagiliwe kila siku. Kuni na matofali visiegemezwe ukutani. Mabaki ya chakula yasilale nje. Watoto wapewe mpaka wanaouona, hata kamba tu. Na wewe usiende huko usiku bila tochi na viatu vya mvua, kwa sababu bafe hakimbii, analala tu palepale mpaka akanyagwe.

Muuguzi_Masasi

Naongezea. Mtu akiumwa na nyoka asichanjwe, asifungwe kamba ya kukata damu, atulizwe na apelekwe hospitali haraka. Akitemewa mate machoni, aoshwe kwa maji safi mengi palepale, halafu naye hospitali.

Uyoga sasa. Wa kichuguuni unaolika upo, watu wa Kusini wameula miaka yote. Mchwa wenyewe ndio wanaoulima ndani ya kichuguu kwa mabaki ya mimea wanayoyabeba, na shina lake linashuka chini kama mzizi mpaka kwenye bustani yao. Lakini kuota karibu na kichuguu si sawa na kutoka ndani yake. Kuna mweupe mkubwa, wenye magamba ya kahawia juu na pete shingoni, unapenda kwenye nyasi, na huo unatapisha na kuharisha vibaya.

Ukitaka kujifunza, kata kofia, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, funika na bakuli mpaka kesho. Vumbi litakaloanguka likiwa la kijani, ni huyo mbaya. Lisipokuwa la kijani bado hujapewa ruhusa ya kula, maana upo mweupe wenye vumbi jeupe unaoua ini, na dalili zake huchelewa kwa muda wa saa 6 au zaidi. Habari za kitunguu saumu na kijiko cha fedha kwenye sufuria ziacheni. Wadudu kuula si dalili ya usalama pia. Shemeji asile mpaka mtu aliyezoea kuuchuma hapo Mikindani auone ukiwa ardhini, na mzima mpaka mwisho wa shina.

Chapa_Kazi

Kwa hiyo tunapika karatasi sasa.

Mvuvi_Msangamkuu

Babu, swali. Kaskazi ikianza tunakutana na kereng'ende baharini, mbali na nchi, wanapita juu ya chombo. Wanatoka wapi?

Babu_wa_Naliendele

Yupo kereng'ende wa rangi ya manjano anayevuka bahari kutoka upande wa India kupitia Maldivi, akifuata upepo huohuo wa mvua. Anataga kwenye vidimbwi vya mvua, na watoto wake hukua haraka kabla dimbwi halijakauka. Binti, huyo naye mwandikie siku ya kufika. Na mbayuwayu wanaotoka Ulaya, utawaona kuanzia Oktoba hivi mpaka Aprili.

Binti_Kusini

Ahsanteni sana. Mama mkwe amekubali kutoka kichuguu mpaka shina la mwembe, nusu hatua zaidi hataki. Uyoga ameutazama, akasema wa kwao Newala haukuwa na pete. Huu unayo. Shemeji amenuna.

Daftari nimeligawa kwa viumbe. Picha je? Nasikia kuna programu ya iNaturalist, unaweka picha watu wanakutajia jina. Naogopa kuonyesha dunia nzima nyumbani kwangu.

Mama_Wawili

Naitumia. Kabla hujatuma, badili mpangilio wa mahali uwe wa kuficha, ramani itaonyesha eneo pana tu. Uyoga upige juu, chini ya kofia, na shina lote. Picha ya juu peke yake hawatakujibu.