Skuli imefungwa tangu Machi, michango ya mahafali haijafungwa. Wazazi wa madarasa ya mitihani tumekuwa mashine ya ATM?

Assalaam alaykum wana jukwaa, na wengine habari zenu.

Nina hasira tangu jana usiku, kwa hivyo lugha mtanivumilia. Jina la skuli silitaji, watoto wangu bado wako pale na najua baadhi ya walimu wamo humu wanasoma kimya kimya. Itoshe kusema ni skuli ya binafsi, iko Unguja, na mwenye mtoto pale atajua tu kabla hajafika nusu ya uzi huu.

Binti yangu yuko Form Four, mdogo wake darasa la sita. Yaani mwaka huu nyumba nzima ni mitihani. Skuli zilipofungwa katikati ya Machi kwa ajili ya korona, tuliambiwa mwezi mmoja. Mwezi ukatupeleka mpaka Ramadhani, Ramadhani ikatupeleka mpaka Idi, Idi nayo imepita, tuko Juni 2020 watoto wako majumbani. Waliorudi ni Form Six tu, tangu tarehe mosi, kwa kuwa mtihani wao wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, umewekwa mwisho wa mwezi huu. Skuli yetu haina Form Six. Lango lina kufuli, mlinzi analala barazani, na kwa mvua hizi za masika majani ya uwanjani yamefika magotini. Hapo simlaumu mtu. Maradhi ni maradhi, na amri ni ya serikali.

Ila kuna ofisi moja pale haijafungwa hata siku moja, nayo ni ya mhasibu.

Twende nyuma kidogo. Februari, kabla ya balaa hili, wazazi wa madarasa ya mitihani tuliitwa mkutano tukaelezwa mipango ya mwisho wa mwaka. Mahafali ya Form Four 60,000 kwa mtoto: joho la kukodi, shati lenye majina ya wanafunzi mgongoni, chakula, picha. Safari ya Bara kwenda Mikumi kuona wanyama 120,000, nusu mkononi nusu baadae. Kambi ya kujiandaa na mtihani 150,000, ianze Julai. Dua ya kuwaombea watoto, hii tukaambiwa ni mzazi atakachojaaliwa, ila kisipungue 10,000. Darasa la sita nao wana mahafali yao, 40,000. (Siku hizi hata nasari wanavishwa majoho na kofia, mtoto hajui kuandika jina lake anahitimu. Tuliache hilo.)

Nikalipa. Wakati ule hoteli ninayofanyia kazi, huko Paje, ilikuwa imejaa na mshahara unaingia. Nililipa mahafali ya wote wawili na nusu ya safari ya binti. Risiti ninazo, zile za kitabu kidogo cha kaboni, mhuri nusu umekaa kwenye karatasi nusu umetoka nje. Moja imeandikwa "mchango" basi. Mchango wa nini, Mungu ndiye ajuaye na dada mhasibu.

Machi wageni wakaondoka. Hoteli ikafunga, tukaambiwa tukae nyumbani mpaka tutakapoitwa, bila mshahara. Na wazazi wengi wa skuli ile ndio sisi sisi: wa hoteli, wa teksi za uwanja wa ndege, wa viungo na vinyago Mji Mkongwe, wa maboti ya kupeleka watalii Changuu. Uongozi unalijua hili vizuri, kwa sababu fomu ya kujiunga ina mahali pa kujaza kazi ya mzazi.

Kuna grupu la WhatsApp la wazazi. Aprili watu wakaanza kuuliza, kwa adabu kabisa, jamani mahafali yatakuwaje, safari je? Jibu likawa tuwe na subira. Tukauliza tena, tukaambiwa tusiwe na haraka, tumuombe Mungu atuondoshee mtihani huu. Amin, tunaomba. Mama mmoja akauliza swali moja tu: pesa za safari zimewekwa wapi, ziko benki au ziko mkononi mwa nani? Dakika si nyingi grupu likafungwa, likawa wanaandika wasimamizi peke yao. Tangu siku hiyo sisi kazi yetu ni kusoma.

Na tumesoma mengi. Ramadhani ikaja taarifa kwamba mahafali yako palepale Septemba na ukumbi umeshalipiwa. Baada ya Idi ikaja nyingine, mahafali huenda yakafanyika kwa njia ya mtandao na wazazi tutatumiwa linki. Jana usiku ndiyo ikaja hii iliyonitoa usingizini: kwa kuwa serikali imeanza kuruhusu masomo, wazazi wote wa madarasa ya mitihani tukamilishe michango ya mwisho wa mwaka kabla ya Juni 20. Kilicholipwa hakirudishwi. Na mtoto ambaye hajakamilisha, jina lake halitoingia kwenye shati wala hatopewa namba ya mtihani mpaka mzazi wake aonane na uongozi.

Namba ya mtihani, jamani! Kwa shati!

Ada ya mtihani nimeilipa mapema na risiti yake ninayo, tena hiyo imeandikwa vizuri. Mahafali ni sherehe. Tangu lini mtoto akazuiliwa mtihani wa Baraza kwa sababu baba yake hajamaliza pesa ya pilau? Hata huyo aliyeandika anajua hana ubavu wa kufanya hivyo. Anajua pia kwamba mzazi ukimtajia mtihani wa mwanawe miguu inamlegea, atakopa, atauza hata cherehani ya mkewe, atalipa. Ndiyo maana nimekasirika. Mtu anayekutisha kwa kitu ambacho anajua hawezi kukifanya, huyo amekudharau.

Tuje kwenye huo ukumbi uliolipiwa. Umelipiwa wapi, kwa nani, risiti iko wapi? Mikusanyiko imekatazwa, watu wameoa mbele ya mashahidi na shehe tu, nyinyi mnatangaza ukumbi. Wiki chache baadae ukumbi umegeuka linki. Sasa kama ni linki, pilau ya nini? Joho la kukodi la nini, binti yangu alivae chumbani ajitazame kwenye kioo? Mashati nayo watoto walipimwa Februari kwa tepu, mpaka wa darasa la sita. Wangu amerefuka, suruali za skuli zimeshakuwa za kuvulia dagaa. Hao wa mashati wamepewa pesa au hawajapewa? Kama wamepewa, mashati yako wapi? Kama hawajapewa, pesa iko wapi? Sioni maswali magumu hapo.

Na katika taarifa zote hizo, kitu ambacho hakikuwahi kutajwa hata kwa sentensi moja ni masomo.

Mtihani wa Form Four kwa kawaida huanza mwanzoni mwa Novemba. Utasogezwa au hausogezwi, hayo ya NECTA. Lakini skuli lazima iwe na mpango wake. Silabasi imebaki kiasi gani kwenye kemia, kwenye hesabu? Moku, ule mtihani wa kujipima, itafanywa lini? Alama za skuli zinaingia kwenye matokeo ya mwisho ya Form Four, sasa kazi na majaribio ya miezi hii yatahesabiwa vipi? Darasa la sita wana mtihani wao wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, nao hawajasikia kitu. Halafu Oktoba kuna uchaguzi, na sote tunajua skuli zetu ndizo vituo vya kura. Toeni na siku hizo muone kinachobaki.

Mmeng'ang'ania kambi. Kambi yenyewe tunaijua: madawati yanasogezwa ukutani, magodoro yanapangwa chini, wasichana darasa hili wavulana darasa lile, na asubuhi foleni ya choo mpaka kwenye mwembe. Mwaka mwengine wowote ningesema sawa, watoto wanasaidika, mie mwenyewe nilipita kambi. Mwaka huu, na maradhi haya, mnataka 150,000 bila kutuambia watalala wangapi, watanawia wapi, na kama Julai wenyewe mtaruhusiwa kufungua. Rafiki yake binti yangu amerudishwa kwa bibi yake Konde, Pemba, kwa sababu baba yake hana tena pa kumlisha mjini. Nani amempigia simu yule mtoto? Hakuna. Ila taarifa ya mchango imemfikia, maana baba yake yuko kwenye grupu.

Mtasema vipo vipindi vya masomo vya televisheni ya ZBC. Vipo, tunashukuru, binti anafuatilia. Anafuatilia pale Tukuza, mita yetu ya umeme wa kununua, linapokuwa na yuniti, na kipindi kinapokuwa cha somo lake, na mwalimu wa kwenye televisheni humsimamishi ukamwambia hapo sijafahamu. Skuli yetu imetuma PDF. Kurasa zimepigwa picha kwa simu, kivuli cha kichwa cha mwalimu kimelalia fomyula, moja imekaa kichwa chini. Nimepeleka steshonari Mwanakwerekwe kuzitoa, kijana wa pale akaniuliza, mzee una hakika unataka hizi?

Kwetu Fuoni kuna maalim wa skuli ya serikali, ile yenye watoto wamerundikana darasani, tunayoikimbia tukalipia ada kwengine. Yule bwana anapita na vespa yake, anabandika maswali ya hesabu kwenye mlango wa duka, watoto wananakili, baada ya siku mbili tatu anarudi kukusanya madaftari anasahihisha pale pale barazani. Hakutumwa na mtu. Binti yangu wa skuli ya kulipia anakwenda kunakili maswali yale.

Najua kuna wa kunijibu kwamba skuli za binafsi zinaishi kwa ada, na zikifungwa walimu hawali. Nakubali. Mwalimu mmoja wa pale namjua, sasa hivi anakamua miwa. Lakini basi semeni! Andikeni: wazazi, pesa ya safari na mahafali tumewagawia walimu ili wasilale na njaa na wawafundishe watoto kwa simu. Wallahi mie ningesema halali yao, na wengi wangesema hivyo hivyo. Nimemuuliza yule mwalimu. Tangu Machi hajaona kitu.

Ninachotaka sicho kikubwa. Mfungue grupu hata usiku mmoja tuzungumze. Mtuwekee hesabu: mmekusanya ngapi, mmetumia ngapi na kwa nini, imebaki ngapi. Safari ya Mikumi mwaka huu haipo na kila mtu anajua haipo, rudisheni pesa au andikeni kwa maandishi kwamba zitakatwa kwenye ada. Mahafali futeni. Watoto watasomewa dua pale pale skuli, wapewe vyeti vyao, warudi nyumbani, hakuna mtoto aliyefeli kwa kukosa joho. Kilichobaki kilipe walimu wa masomo ya mtihani waanze na watoto wachache wachache pale itakaporuhusiwa. Na maneno ya namba ya mtihani yafutwe kwa taarifa ile ile yenye nembo, isiwe kwa sauti ya faragha.

Wenye watoto skuli nyengine, Unguja na Pemba, hebu tuambieni wenzenu wamefanyaje. Na kama kuna mtu wa Wizara ya Elimu au mwanasheria humu, mtoto aliyelipiwa ada ya mtihani anaweza kunyimwa namba yake kwa deni la sherehe? Nataka jibu nilichapishe niende nalo.

NYONGEZA: Naona mnanambia nimhamishe. Form Four, Juni, nimhamishie wapi? Keshasajiliwa kwa namba ya kituo cha skuli ile, na wao wanalijua hilo kuliko nyinyi. Na aliyeandika niache ubahili, mahafali ni mara moja maishani: ndugu yangu, mie nimeshalipa. Soma tena. Naulizia nilichokilipia.

NYONGEZA 2: Wazazi wenzangu kadhaa wamenitafuta faragha, mmoja ndiye yule mama aliyeuliza swali likafungisha grupu. Tumekubaliana Jumatatu saa tatu asubuhi tukutane nje ya lango, kila mtu na risiti zake na kopi yake. Tukikosa wa kutusikiliza tunakwenda kwa sheha, kiongozi wa shehia, kupata barua, kisha moja kwa moja Wizarani. Wenye watoto pale lango mnalijua. Vaeni barakoa, na msije na watoto.