Ijumaa kijana wangu anacheza na vigogo, kuna njia kweli ya kuwashinda?

baba_wa_64

Wakuu habari zenu. Najua humu tumezoea kuongelea ule mpira wetu wa miguu, ila najua pia tupo wazazi wenye vijana hai skuli hapa Marekani na wanacheza hii futiboli yao ya kuvaa helmeti, kwa hiyo naomba mnivumilie maana jambo hili limenikaa kichwani wiki nzima.

Mwanangu yupo mwaka wa tatu, anacheza laini, yaani wale wa mbele wanaosukumana, jezi namba 64. Shule yetu ndogo, vijana kwenye timu hawafiki hata 30. Ijumaa usiku tunaenda kwa vigogo wa kundi letu, hawa jamaa hawajapoteza mechi msimu huu, na wakianza kutoka kwenye ule mlango wao kuingia uwanjani wanatoka mpaka unadhani hawaishi. Sisi tumeshinda tatu tumepoteza nne. Mwaka jana walitupiga vibaya, kipindi cha pili pengo likawa kubwa mpaka refa akaiacha saa itembee tu bila kusimama, nikaona wazazi wengine wanakunja mablanketi wanaondoka na watoto bado wapo uwanjani. Iliniuma sana ile.

Sasa juzi kijana karudi mazoezini, kakaa mezani magoti yana tope, ananiambia baba mwaka huu tunaweza. Mimi mchezo huu nimeujulia ukubwani, naufuata juu juu, sijui kama ni moyo tu unaongea au kuna kitu kweli. Kwenye mpira wetu ningemwelewa, unapaki basi, unavizia kaunta moja, unatoka na moja bila. Huku basi linapakiwaje?

kocha_wa_jioni

Mkuu basi huku linapakiwa pia, ila linapakiwa mpira ukiwa mkononi mwako.

Nasaidia kufundisha laini kwenye shule moja mwaka wa sita huu, na timu yetu nayo ni ndogo, kwa hiyo nayaongea haya nikiwa nimeyaishi. Hai skuli mnacheza robo nne za dakika 12, jumla 48. Una dauni nne, yaani majaribio manne, za kupata yadi 10, ukizipata unaanza upya. Tangu 2019 kanuni za hai skuli zinakupa sekunde 40 kati ya mchezo mmoja, yaani jaribio moja, na mwingine, na timu ndogo inatakiwa izile karibu zote. Mkishakusanyika msiwe na haraka, nendeni kwenye mstari polepole, mpira utoke zimebaki sekunde 2 au 3. Halafu mkimbie nao, tena katikati, maana mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja saa inaendelea kutembea, lakini pasi ikianguka chini saa inasimama na hapo umempumzisha mpinzani bure.

Safari moja, yaani zamu moja ya kushika mpira, ya michezo 12 namna hiyo inakula dakika 6 au 7, nusu ya robo au zaidi. Kigogo ambaye kwa kawaida angeshika mpira mara 11 au 12 usiku mzima, unamkuta kashika mara 7. Hapo ndipo mnyonge anapopumulia. Wakishika mara 12 ubora wao utaonekana tu, hakuna ujanja. Wakishika mara 7 halafu moja wakauangusha na nyingine wakakwama dauni ya nne, ghafla tupo robo ya nne na pengo ni tachidauni moja, yaani goli la huku, na vijana ambao msimu mzima hawajawahi kubanwa wanaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Swali moja muhimu, kijana wako anacheza upande mmoja au pande zote mbili?

baba_wa_64

Pande zote mkuu. Kushambulia ni gadi, yule anayesimama ubavuni mwa senta wa kati, kuzuia anasimama katikati ya laini. Hatoki labda helmeti ilegee.

kocha_wa_jioni

Basi hapo ndipo penye mechi yenyewe. Watu wanaangalia nani ana kwotabeki mzuri, yule anayeongoza mashambulizi, nani ana mkimbiaji mwenye mbio, sawa, lakini tofauti ya shule kubwa na ndogo ni laini. Kigogo ana watano wa kushambulia na wengine kabisa wa kuzuia, wakimaliza wanakaa wanakunywa maji wanaangalia picha kwenye tableti. Wenu wanageuka tu, wamemaliza kusukuma wanaanza kusukumwa. Kwa hiyo ile safari ya dakika 7 mbali na kuua muda ni mapumziko pia, maana kusukuma huku unajua mpira unaelekea wapi kunachosha kidogo kuliko kubahatisha na kupokea mizigo. Mkitoka kwenye dauni tatu tu mkaupiga mbali kwa mguu, mkarudia, mkarudia tena, robo ya tatu haiishi mikono ya vijana imeshuka viunoni. Ukiiona mikono ipo viunoni ujue mambo yameharibika.

mzee_wa_wing_t

Naunga mkono yote ya kocha, naongeza mfano mmoja maana ukimwambia mtoto inawezekana ni vizuri uwe na cha kumwonyesha.

De La Salle ya Concord, California, kuanzia 1992 walishinda mechi 151 mfululizo. Mia moja hamsini na moja, wapo watoto waliozaliwa wakafika darasa la sita hawajawahi kusikia De La Salle kapoteza. Tarehe 4 Septemba 2004 wakaenda Seattle kucheza na Bellevue, wakafungwa 39-20. Na Bellevue hawakuleta maajabu, walileta Wing-T, mchezo wa kukimbia wa zamani kabisa, wabebaji watatu wanapishana nyuma ya kwotabeki, mmoja ana mpira wawili wanajifanya wanao, na yule wa kuzuia akisita nusu sekunde tu mtu kashapita.

Nisikudanganye, Bellevue hawakuwa wanyonge wa kutupwa, walikuwa mabingwa wa jimbo lao la Washington, usije ukamwambia kijana kwamba ilikuwa timu ya vijana 28. Ninachotaka ukichukue ni namna walivyoshinda. Wing-T haihitaji lainimani mzito kuliko mwenzake, inahitaji anayejua pembe. Humsukumi mtu kifua kwa kifua, unamkuta ubavuni anaangalia kwingine. Na moyo wa mchezo huo ni gadi, yaani nafasi ya mwanao hasa. Mpira ukitoka gadi anarudi hatua moja nyuma, anakimbia sambamba na mstari, anakwenda kumfungulia njia mkimbiaji upande wa pili.

Ijumaa usiangalie mpira. Mwangalie 64 hatua yake ya kwanza. Ikiwa fupi na kali na mgongo umebaki chini, mtapata yadi 4, na yadi 4 mara tatu ni dauni mpya. Akianza kusimama wima kabla hajaondoka ujue kachoka.

njoro_mbio

Mimi nitabisha kidogo ndugu zangu. Huu mpango wa kuua saa ni mtamu mpaka kigogo akufunge mawili ya haraka. Mko pointi 14 chini robo ya kwanza, sasa hiyo saa unamuulia nani? Unajiua mwenyewe. Na ndivyo huwa inaendaga mara nyingi, mnyonge anakuja na woga, anapiga mpira mbali dauni ya nne akiwa katikati ya uwanja, anamrudishia mkubwa mpira kwa heshima zote, mkubwa anashukuru anafunga.

Kuna kocha anaitwa Kevin Kelley alifundisha Pulaski Academy kule Little Rock, Arkansas, huyo alikuwa karibu hapigi kabisa mpira wa kurudisha dauni ya nne, na akishafunga anaanzisha kwa onsaidi, ule mpira mfupi wa kugombania. Kachukua mataji ya jimbo mara kadhaa na mpango huo. Mwaka 2011 walicheza na shule ya Cabot wakafika 29-0 kabla Cabot hawajapata hata mchezo mmoja wa kushambulia. Ishirini na tisa!

Hesabu yake ni rahisi. Hai skuli mpira wa kuanzia unapigwa kutoka yadi 40 yenu, onsaidi lazima utembee yadi 10, kwa hiyo mkiukosa mpinzani anaanzia hapo katikati. Mkiupiga mbali kawaida dhidi ya timu yenye mkimbiaji wa hatari anaweza kufika hapohapo au akapita moja kwa moja. Mnachopoteza ni kidogo, mnachopata ni mpira ambao kigogo hakuushika. Kocha si amesema wote tunataka washike mara 7? Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuwanyima.

kocha_wa_jioni

Njoro nimekuelewa, na kwenye dauni ya nne nakubaliana na wewe asilimia mia, ukiwa yadi 2 kufika na umevuka katikati unakwenda, huna cha kulinda. Onsaidi ningeificha. Moja tu, pale ambapo hawategemei, mfano mwanzo wa kipindi cha pili kama mpira ni wenu kuanzisha. Kelley alikuwa anafanyisha kila wiki vijana wanaujua mdundo wake, sasa timu ya watu wasiofika 30 wanaocheza pande zote muda wa kufanyia mazoezi hayo yote wataupata wapi? Afadhali waijue michezo 6 ya kukimbia mpaka waifanye wakiwa wamefumba macho.

mama_wawili

Shikamooni wakubwa, nimesoma yote, na mimi wangu wawili wamecheza. Naomba niseme la mzazi.

Kaka baba wa 64, timu ndogo kwenye mechi kubwa mtoto anajua akitoka hakuna wa kuingia. Mkubwa wangu alipigwa kichwa robo ya pili akakaa kimya mpaka mwisho kwa sababu nafasi yake haikuwa na mbadala, nimekuja kujua kesho yake asubuhi alipokuwa anashindwa kuangalia taa ya jikoni. Sheria ipo, Washington walianza 2009 na sasa majimbo yote yana sheria kwamba mwanafunzi anayehisiwa kaumia ubongo anatolewa na harudi mpaka mtaalamu wa afya amruhusu. Lakini sheria inaanza kufanya kazi pale mtu anapoona au mtoto anaposema. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa kaa naye, mwambie kwa maneno yako kwamba akisikia kichwa kizito au anaona mbilimbili, anatoka, hata kama ni yadi 1 kufunga.

Na maji aanze kunywa Alhamisi, sio nusu ya mchezo. Misuli ikikamata robo ya nne haisikilizi.

njoro_mbio

Mama umesema kweli kabisa. Asante.

baba_wa_64

Wakuu asanteni, dada asante sana, hilo la kichwa nimeongea naye jana usiku, kwanza aliangalia chini, halafu akasema sawa baba nitatoka. Nikamrudishia tena mpaka akaniangalia usoni ndipo akasema.

Halafu nikamuuliza habari ya Wing-T. Mzee, kijana kanyanyuka kwenye kochi kasogeza meza, kapanga mito mitano sakafuni kwenye zulia, huyu senta huyu gadi huyu takoli, akaweka goti lake chini na mkono mmoja, akanionyesha ile hatua. Fupi, nyuma, halafu kama panya anavyopita ukutani. Kumbe wanaifanya tangu mwezi wa nane na mimi nilikuwa nakaa kule jukwaani naangalia mpira tu, msimu wa tatu huu.

Nikamuuliza na onsaidi. Kacheka, kasema siwezi kukwambia.

Kwa hiyo Ijumaa naenda na daftari. Nitaandika mara ngapi vigogo wameshika mpira, na kila robo nitaangalia mikono ya 64 iko wapi. Jumamosi asubuhi nitaleta hapa.