Dakika ngapi hadi E. koli iwashe jeni za laktosi?

Swali
Wadau, naotesha E. koli K-12 (aina ya bakteria wa maabara) kwa nyuzi 37 kwenye M9 (maji ya chumvi ya kuoteshea) yenye glukosi 0.2%. Nikitia laktosi 0.2% na kupima beta-galaktosidasi (kimeng'enya kinachovunja laktosi) kwa ONPG (kemikali inayotoa njano kimeng'enya hicho kikiivunja) baada ya dakika 10, rangi ya njano haitoki. Shida ni bakteria au kipimo?

Jibu 1
Ni glukosi hiyo. Ikiwepo, mfumo unaoiingiza ndani ya seli huifunga permeasi ya laktosi (mlango wake wa kuingilia seli), basi laktosi inabaki nje. Halafu cAMP (molekuli ya ishara ndani ya seli) inashuka, na CRP (protini inayosaidia kuwasha jeni ikiungana na cAMP) haishiki DNA vizuri. Isitoshe, si laktosi yenyewe inayoing'oa kwenye DNA protini ya kizuizi inayozima jeni hizo, ni alolaktosi (laktosi iliyobadilishwa umbo kidogo), nayo hutengenezwa na vimeng'enya vichache vilivyomo tayari.
Tumia gliseroli 0.4% badala ya glukosi. OD600 (kipimo cha wingi wa seli kwa mwanga) ikifika 0.3 hadi 0.4, tia IPTG 1 mM, kemikali inayofanya kazi ya alolaktosi. IPTG haimeng'enywi, kwa hiyo kiwango chake hakishuki.

Jibu 2
Ukifanya hivyo, tarajia kimeng'enya kuanza kupanda dakika ya 2 au ya 3. Piga hesabu: lacZ (jeni ya kimeng'enya hicho) ina herufi za DNA kama 3,070, polimerasi (inayonakili DNA kuwa mRNA) husoma takriban 45 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya dakika moja. Ribosomu (zinazotengeneza protini kutoka mRNA) hazisubiri mRNA ikamilike, zinaifuata nyuma nyuma. Kisha minyororo minne ya protini lazima iungane ndipo kimeng'enya kifanye kazi.

Jibu 3
Kwa kasi hiyo, namna ya kuchukua sampuli ndiyo huharibu majaribio mengi. Sampuli ikikaa mezani inaendelea kutengeneza protini, na dakika ya 2 inasomeka kama ya 5. Chota kila sekunde 30, mimina moja kwa moja kwenye mirija yenye kloramfenikoli (dawa inayosimamisha utengenezaji wa protini) iliyokaa kwenye barafu.
Sampuli za mwanzo zina kimeng'enya kidogo: weka ml 0.5 za seli na ml 0.5 za bafa Z (maji ya kipimo yanayotunza pH), si ml 0.1 za seli kama kawaida. Pasua seli kwa kloroformu na SDS (aina ya sabuni), tia ml 0.2 za ONPG (mg 4 kwa ml), nyuzi 28. Njano ikionekana, simamisha mmenyuko kwa ml 0.5 za sodiamu kaboneti 1 M na uandike muda. Mrija usio na IPTG ni lazima, maana jeni huvuja kidogo hata zikiwa zimezimwa.

Muulizaji
Na nikiacha glukosi na laktosi pamoja?

Jibu 1
Seli zitamaliza glukosi kwanza, ukuaji usimame kama nusu saa au zaidi, ndipo zianze laktosi. Hapo pima OD kila dakika 10, la sivyo kituo hicho kitakupita.